Usikibonyeze tena hicho kitufe chekundu

Dada, umesema hita yenu ya maji inayotumia mafuta hapo Maine, Marekani, inazimika, ukibonyeza kitufe chekundu inanguruma kisha inakufa tena, na sasa chumba cha chini kinanuka mafuta na kuna masizi ukutani. Nakusihi, usikibonyeze tena. Kila ukibonyeza bila moto kushika, pampu inanyunyizia mafuta ndani ya chumba cha kuchomea. Yakija kushika yote kwa pamoja yanalipuka, na masizi yanaenea nyumba nzima. Kitufe hicho ni cha kujaribu mara moja tu. Ikigoma, zima swichi ya dharura, ambayo mara nyingi ina kibao chekundu na iko karibu na ngazi, kisha mwite fundi. Tazama pia geji ya tangi, huenda mafuta yameisha.

Masizi ndiyo yanayonitia hofu zaidi. Yanaonyesha moto hauungui vizuri, na moto wa namna hiyo hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Weka kengele ya kugundua gesi hiyo kila ghorofa na karibu na vyumba vya kulala. Ikilia, tokeni nje wote, watoto kwanza, ndipo mpige 911, namba ya dharura.

Kila mwaka fundi abadilishe nozeli (ncha inayonyunyizia mafuta) na chujio, asafishe bomba la moshi na apime uchomaji. Joto la maji liwe nyuzi 49 za Selsiasi, watoto wasiungue. Kama nyumba ni ya kupanga, mwarifu mwenye nyumba leo hii, kwa maandishi.