Je, matone ya nano yatamfaa mtoto mwenye sistiki fibrosisi?

SWALI: Assalam aleikum daktari. Dadangu yuko Birmingham, Uingereza. Mwanawe wa miaka minne amepatikana na sistiki fibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaoziba mapafu. Ameambiwa vile vidonge vipya vinavyosifiwa havimfai kwa sababu ya jeni zake, huenda tiba za nano ndizo zitakazomsaidia. Huku Mwembe Tayari, Mombasa, kuna mtu auza matone, asema ni ya nano, yayeyusha balghamu. Asema mtoto atiliwe tone mbili kwenye nebulaiza, ile mashine ya kuvutia dawa kama mvuke. Mwezi wa pili wanakuja likizo. Nimnunulie? Na hizo tiba zipo kweli? – Msomaji, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam, dada. Mimi ni mfamasia, usinipandishe cheo. Matone hayo usinunue. Nano ni kipimo tu: mita moja igawe mara bilioni, kipande kimoja ndicho nanomita. Anayeuza “nano” bila kusema ndani mna nini ni kama muuza samaki anayekwambia auza “kilo”. Tena kama matone yenyewe ni mafuta, kuyavuta kwa nebulaiza kunaweza kumpa mtoto nimonia.

Tiba zenyewe zipo, ila nyingi bado ziko maabara na kwenye majaribio. Tuanzie kwenye ugonjwa. Jeni iitwayo CFTR, iliyogunduliwa 1989, ndiyo inayotengeneza protini iliyo kama mlango kwenye ukuta wa seli, ambamo kloridi hupita. Mlango ukiharibika, chumvi na maji havipiti inavyotakiwa, na balghamu ya mapafuni hukauka ikawa ulimbo. Vijidudu hunasa humo na kufanya makao. Kongosho nalo huziba, ndiyo maana watoto hawa hula vizuri na wasinenepe mpaka wapewe vimeng'enya, dawa za kusaga chakula, pamoja na mlo.

Vile vidonge, ambavyo mchanganyiko wake wa dawa tatu ulipitishwa Marekani 2019, hunyoosha mlango uliopinda. Kuna watoto ambao mlango haupo kabisa, na hapo fundi hana cha kunyoosha. Badiliko liitwalo 3120+1G→A, ambalo huonekana sana kwa wagonjwa wenye asili ya Afrika, ni la namna hiyo.

Hapo ndipo nano inapoingia. Badala ya kunyoosha mlango, unaipelekea seli maagizo ijitengenezee wake. Maagizo hayo ni mRNA, nayo hufungwa ndani ya chembe ya mafuta yenye upana wa nanomita kama 100, ufundi ule ule wa chanjo za korona za Pfizer na Moderna. Mgonjwa huyavuta kwa nebulaiza. Uzuri wake ni kwamba haijalishi jeni imeharibika vipi. Kampuni za dawa za Vertex na Moderna wameshaifikisha dawa ya aina hii kwenye majaribio ya watu.

Kikwazo kikubwa ni balghamu yenyewe. Watafiti wa Johns Hopkins, chuo kikuu cha Marekani, waliipima 2009 wakakuta ni wavu ambao matundu yake, kwa wastani, ni nanomita 140 hivi. Utasema basi chembe ya 100 itapita. Haipiti kirahisi, kwa sababu uzi wa wavu huo unanata. Hata dagaa angenasa kwenye wavu uliopakwa ulimbo. Walipozipaka chembe za nanomita 200 ganda zito la PEG, kitu kisichoshikamana na balghamu, zikapenya kwa kasi zaidi ya zile za ukubwa huo huo zisizopakwa. Mimi hapo ndipo ninapoona akili ya kazi hii ilipo: utelezi umeshinda udogo.

Shida ya pili ni kwamba mRNA haidumu. Baada ya siku chache imeoza, dozi irudiwe. Uingereza walikwisha jaribu njia inayofanana na hii, jeni nzima ndani ya vifuko vya mafuta, kila mwezi kwa mwaka mmoja, na matokeo yakatoka 2015: nguvu ya pumzi iliwazidi waliopewa dawa bandia, yaani isiyo na kitu ndani, ya kulinganishia tu, kwa asilimia 3.7 tu. Ni kidogo, lakini ilionyesha njia inapitika. Huko Texas, 2024, walitumia chembe za mafuta kurekebisha jeni kwenye seli mama za mapafu, zile zinazozaa seli nyingine, na marekebisho yakadumu zaidi ya mwaka. Hao lakini walikuwa panya. Ukinibana niseme ipi itatangulia, nasema mRNA, na singemwahidi dadako mwaka.

Kuna jambo hukuliuliza nalo ndilo linalonitia wasiwasi: mwezi wa pili, kaskazi, joto la Kisauni. Mwaka 1948 joto kali lilipopiga New York, daktari Paul di Sant'Agnese aliona watoto wenye ugonjwa huu wanaletwa hospitali wamezimia kwa joto zaidi kuliko wengine; 1953 akatangaza kwamba jasho lao lina chumvi kupita kiasi. Utaiona mwenyewe: mtoto akicheza uani, jasho likikauka humwachia unga mweupe kwenye paji la uso na kwenye shingo ya fulana. Maji matupu hayairudishi chumvi hiyo. Madafu ni mazuri, ila yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, yasihesabiwe kuwa dawa. Dadako awaulize madaktari wake, kabla ya kupanda ndege, mtoto aongezewe chumvi kiasi gani kwa siku, na aje na vimeng'enya vya kumtosha safari nzima. Akilegea, akitapika au akikataa kunywa, msingoje jioni, mpelekeni hospitali na mseme ugonjwa wake mlangoni.

Na kwenye barua yake ya kliniki kuna jina la badiliko la jeni, mawili kwa kawaida, moja la baba na moja la mama. Mwambie akupigie picha, uniandikie herufi na tarakimu kama zilivyo, nikueleze ni mlango uliopinda au usiokuwapo.