Jibu: Servo inatetemeka mkono ukiinua chupa

Habari ndugu, poleni na kazi. Nimekuelewa hivi: mkono wenu wa roboti unainua chupa tupu bila shida, lakini mkitia maji kidogo servo (mota ndogo inayozungusha kiungo) inatetemeka na Arduino (bodi ndogo inayouongoza mkono) inajizima na kuwaka upya.

Anzeni na umeme, programu msiiguse kwanza. Sisi nasi tuliilisha servo kutoka pini ya 5V ya Arduino, na USB ya kawaida ya kompyuta hutoa miliampia 500 tu. Tulipoipa betri zake 4 za AA, kujizima kukaisha siku hiyo hiyo. Hasi ya betri lazima iungane na GND (pini ya hasi) ya Arduino. Bila waya huo servo inacheza ovyo.

Kisha pimeni mkono kwa rula. Servo ndogo ya SG90 ina nguvu ya kuinua kama kilo 1.8 mzigo ukiwa sentimita 1 kutoka kwenye mhimili wake. Kwa sentimita 12 inabaki gramu 150 hivi, na humo toeni uzito wa mkono wenyewe. Ufupisheni, au begani wekeni servo yenye nguvu zaidi, MG996R.

Vidole nawasihi mvikate kwanza kwa kadibodi. Sisi tulibadilisha umbo mara tano jioni moja, kwa mkasi na gundi tu. Ndani tulibandika kipande cha tyubu ya baiskeli, na chupa iliyolowa haikuteleza tena. Ila servo ya vidole isikaze mpaka mwisho. Ikibana bila kusogea inapata moto na kuungua.

Mshiko wa kunyonya kwa hewa uliouulizia sijawahi kuujaribu, huo atajibu aliyeutumia. Tuwekee picha ya bega.