Mchumba Wangu Anasema Makaratasi Yatafuata Baadaye

«Shangazi, shikamoo. Nina miaka 34. Niliachana na mume wangu wa kwanza kwa amri ya mahakama, na nina binti wa miaka 7 ninayeishi naye. Sasa nimeposwa na mwanamume wa taifa jingine ambaye anafanya kazi katika nchi ya tatu. Anataka tufunge ndoa ya kidini atakapokuja likizo, kisha nihamie kwake, na makaratasi yafuate baadaye. Nilipomwomba cheti cha kuonyesha kwamba hana mke, alinyamaza siku mbili, kisha akaniuliza kama simwamini. Je, nimemkosea? Na ni hati zipi hasa tunazohitaji? Naomba usitaje nchi zetu.»

Marahaba, binti yangu. Hujamkosea hata kidogo. Hati uliyoiomba huitwa cheti cha kutokuwa na kizuizi cha ndoa, na wasajili wa ndoa katika nchi nyingi wangeidai kwa mgeni yeyote, hata kama wachumba wamejuana tangu utotoni. Wewe mwenyewe huenda ukadaiwa cha kwako. Kwa hiyo usimrudie kwa kuomba radhi, mrudie kwa pendekezo: kila mmoja aombe cheti chake kwa mamlaka za nchi yake, na mtumiane nakala. Mwanamume aliyekuposa kwa nia njema anaweza kuudhika kwa siku mbili, kisha akaenda ubalozini kwao kuuliza. Akijibu kwamba nchi yake haitoi cheti cha namna hiyo, usimwone mwongo papo hapo, kwa sababu zipo nchi za aina hiyo. Marekani, kwa mfano, haina daftari moja la taifa zima la ndoa, na raia wake wanaotaka kuoa ughaibuni kwa kawaida hula kiapo mbele ya ofisa kwamba hawana ndoa nyingine. Kiapo hicho hukubaliwa mahali pengi, lakini ni neno la mwapaji mwenyewe, hivyo una haki ya kuomba pia hati ya talaka au cheti cha kifo iwapo aliwahi kuoa.

Linalonitia wasiwasi zaidi katika barua yako ni lile neno «baadaye». Katika nchi nyingine, kiongozi wa dini mwenye leseni hufungisha ndoa na kuisajili kwa niaba ya serikali, na maharusi huondoka na cheti. Katika nchi nyingine, zikiwemo Ufaransa na Ujerumani, ndoa inayotambuliwa na sheria ni ile iliyofungwa mbele ya ofisa wa serikali, na ibada haibadilishi chochote katika daftari la raia. Sikuambii uiache ibada, kwa maana najua uzito wake kwako na kwa wazazi wako. Ninachokuomba ni kumuuliza atakayewafungisha, kabla ya siku yenyewe, kama ndoa hiyo itasajiliwa, katika ofisi ipi, na cheti kitatoka lini. Mke ambaye ndoa yake haikusajiliwa akifika ugenini anaweza kuhesabiwa kuwa mgeni tu wa mwenye nyumba: hana msingi wa kuomba kibali cha kuishi kama mke, na mumewe akifariki atalazimika kuthibitisha kwanza kwamba aliolewa.

Hata ndoa iliyosajiliwa haikupi peke yake ruhusa ya kuishi katika nchi anakofanya kazi mchumba wako. Uhalali wa ndoa huamuliwa na sheria za ndoa, na ruhusa ya kuingia na kukaa huamuliwa na idara ya uhamiaji, nayo ina masharti yake. Wachumba wengi huchanganya mambo haya mawili, na wengi huumia hapo. Raia wa Marekani anaweza kumwombea mchumba wake viza ya mchumba, lakini ndoa lazima ifungwe ndani ya siku 90 tangu mchumba aingie nchini. Uingereza humtaka mgeni anayekwenda kufunga ndoa tu, kisha aondoke, awe na viza ya mgeni wa ndoa, na viza ya kawaida ya matembezi haitoshi. Tena huko England na Wales hutolewa taarifa ya kusudio la kuoana angalau siku 28 kabla, na muda huo unaweza kurefushwa hadi siku 70. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mchumba wako ni hili: anakusudia uingie kwake kwa viza gani? Jibu ndilo litakaloonyesha mfunge ndoa wapi na lini, maana baadhi ya viza hutaka ndoa iwe imeshafungwa, na nyingine hutaka iwe bado.

Kuhusu hati zenyewe, kanuni inayotumika katika nchi nyingi ni kwamba namna ya kufunga ndoa hufuata sheria ya mahali inapofungwa, ilhali uwezo wa kuoa au kuolewa, yaani umri, undugu na kutokuwa katika ndoa nyingine, mara nyingi hupimwa pia kwa sheria ya kwenu kila mmoja. Ndiyo maana utaulizwa pasipoti, cheti cha kuzaliwa, cheti cha kutokuwa na kizuizi, uthibitisho wa makazi, na kwa upande wako, amri ya talaka. Ziweke zote mezani na uzisome herufi kwa herufi. Kama pasipoti inasema Zainab na cheti cha kuzaliwa kinasema Zainabu, au kama amri ya talaka ina jina la ndoa ambalo halimo kwingineko, msajili wa nchi ya kigeni anaweza kuona watu wawili. Rekebisha hilo mapema, kwa masahihisho rasmi au kwa hati ya kiapo inayoeleza kwamba majina yote ni ya mtu mmoja.

Amri ya talaka iwe ile ya mwisho, si ya awali inayosubiri kukamilishwa, na iwe nakala yenye muhuri wa mahakama. Uliza pia kama nchi mtakakofunga ndoa inaitambua moja kwa moja. Ujerumani, kwa mfano, kwa kawaida huhitaji talaka ya nje ipitishwe kwanza na mamlaka ya sheria ya jimbo, isipokuwa kama ilitolewa na mahakama ya nchi ambayo wanandoa wote wawili walikuwa raia wake. Utaratibu huo huchukua muda, nawe ndiye mwenye talaka, kwa hiyo uanze na hili.

Hati za nchi moja zikienda nchi nyingine huhitaji kuthibitishwa. Nchi zilizojiunga na Mkataba wa Den Haag wa tarehe 5 Oktoba 1961, ambazo sasa ni zaidi ya 120, hutumia cheti kimoja kiitwacho apostili. Kama mojawapo ya nchi zenu haimo, hati kwa kawaida hupitia Wizara ya Mambo ya Nje ya inakotoka, kisha ubalozi wa inakokwenda. Apostili huthibitisha saini, cheo cha aliyesaini na muhuri, haithibitishi yaliyoandikwa ndani. Wala mkataba huo hauhusu hati zilizotolewa na maofisa wa ubalozi, hivyo cheti atakachopewa mchumba wako na ubalozi wao kitahitaji njia nyingine ya kuthibitishwa. Tafsiri ifanywe na mtafsiri anayekubaliwa na ofisi itakayopokea hati, na mara nyingi ni afadhali ifanywe baada ya apostili kubandikwa, ili nayo itafsiriwe. Zingatia tarehe pia: cheti cha kutokuwa na kizuizi huisha nguvu, na huko Ujerumani hupoteza nguvu ndoa isipofungwa ndani ya miezi 6 tangu kitolewe. Ukikiomba kabla talaka haijatambuliwa, utakiomba mara mbili.

Umemtaja binti yako kwa nusu sentensi tu, nami sikubali apite hivyo. Kumhamisha mtoto kwenda nchi nyingine bila idhini ya baba mwenye haki za malezi kunaweza kuhesabiwa kuwa utekaji, na upo Mkataba wa Den Haag wa 1980 unaoziwezesha nchi wanachama kuamuru mtoto arudishwe. Hata kama baba yake hajauliza habari zake kwa muda mrefu, soma amri ya malezi iliyotolewa pamoja na talaka yako, kisha utafute idhini yake ya maandishi iliyothibitishwa na wakili, au ruhusa ya mahakama. Muulize mchumba wako kama viza anayoifikiria inamhusu mtoto pia, au ataombewa peke yake. Usiache kazi wala usimtoe shuleni mpaka majibu hayo mawili yawe mkononi mwako kwa maandishi.