Maswali ya Wasomaji: Madoa ya Kahawia kwenye Stenlesi ya Nje

SWALI: Pokea salamu zangu, Mshauri. Mwaka jana niliwekewa vishikio vya stenlesi kwenye roshani na ngazi ya nje, nikahakikishiwa kwamba chuma hicho hakishiki kutu kamwe. Mvua za Aprili zilipopungua niliona madoa ya rangi ya chai, mengi yakiwa kwenye maungio yaliyochomelewa na upande ule wa roshani ambako fundi alikuwa akikatia nondo za greli za madirisha. Nimesugua kwa stili wulu na dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe. Vishikio hung'aa kwa siku chache, kisha madoa hurudi yakiwa mengi kuliko awali. Jirani yangu anasema ni vumbi la udongo mwekundu, naye fundi anasema ni jambo la kawaida. Je, niliuziwa chuma duni?
*Mama mwenye nyumba, Donholm*

JIBU: Mama, ahsante kwa kueleza kwa makini hivyo, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya barua yako. Aliyekuambia kwamba stenlesi haishiki kutu kamwe alikuahidi kupita kiasi. Kinachoilinda ni kromiamu, ambayo haipungui asilimia 10.5 ya uzito wake, na ambayo ikikutana na hewa hufanya utando mwembamba mno usioonekana kwa macho. Utando huo ukikwaruzwa hujijenga upya wenyewe, mradi uso wa chuma uwe safi na hewa iufikie. Ukifunikwa na uchafu, au ukishambuliwa na chumvi na klorini, kinga hiyo hulegea na madoa huanza.

Hoja ya jirani yako ni rahisi kuipima. Vumbi la udongo huondoka kwa kitambaa chenye maji, lakini kutu hubaki. Isitoshe, udongo wa Donholm kwa sehemu kubwa ni ule mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi. Sogea karibu na kishikio wakati jua liko upande, ukitazame vizuri. Ukiona vitone vidogo vyeusi, kila kimoja kikizungukwa na duara la rangi ya chungwa, na ukivipitishia kidole unahisi mikwaruzo kama ya msasa laini, basi hizo ni cheche za grainda. Nondo ni chuma cha kawaida. Inapokatwa, chembe zake za moto huruka na kujibandika kwenye stenlesi iliyo karibu, na mvua ya kwanza ikinyesha ni chembe hizo zinazopata kutu, si kishikio chenyewe. Kwa maoni yangu, ndicho kisa cha upande ule wa roshani yako.

Stili wulu imeongeza tatizo lile lile, maana nayo ni chuma cha kawaida: kila unaposugua, inaacha nyuzi na unga wake ndani ya mikwaruzo. Dawa ya klorini nayo hutoboa ule utando, hasa ikiachwa ikaukie juu ya chuma. Ndiyo sababu madoa yanarudi kwa wingi. Tafadhali, viache vyote viwili kuanzia leo.

Usafishaji wenyewe uanze na maji mengi ya kuondoa vumbi, ambalo likisuguliwa likiwa kavu hukwaruza. Kisha tumia maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo na kitambaa laini au sifongo, ukifuata mistari ya chuma jinsi ilivyolala, wala usizungushe mkono. Madoa yakibaki, changanya soda ya kuokea na maji kidogo hadi iwe uji mzito, upake na kusugua taratibu. Yale sugu kabisa yanahitaji dawa ya kung'arishia chuma yenye asidi oksaliki, ambayo hupatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Vaa glavu, ijaribu kwanza mahali pasipoonekana, na usiiache ikauke. Jambo moja nakusihi ulizingatie kwa usalama wa nyumba nzima: asidi ya aina yoyote isikutane na dawa ya klorini, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu. Kwa kuwa umetumia klorini mara nyingi, suuza vishikio vyote kwa maji mengi kabla ya kuanza.

Baada ya kutu kuondoka, ni vyema uso uoshwe kwa asidi ya sitriki, ile ya unga, kwa kuwa huyeyusha chembe za chuma zilizosalia bila kuidhuru stenlesi. Gramu 50 hadi 100 katika lita moja ya maji ya vuguvugu zinatosha. Weka kitambaa kilicholoweshwa humo juu ya sehemu husika kwa takriban dakika 20, ukihakikisha hakikauki, kisha suuza na ufute. Ukitaka kujua kama kazi imekamilika, funga kitambaa cheupe chenye maji safi kwenye kishikio usiku kucha. Kikiamka na vitone vya kahawia, bado kuna chembe, na itabidi urudie.

Maungio ni suala jingine, na hapa lawama ni ya fundi. Rangi ya dhahabu au bluu inayobaki baada ya kuchomelea si urembo wala si uchafu. Ni ganda lililoundwa na joto, na chini yake kromiamu imepungua, kwa hiyo kutu hupata mlango hapo kabla ya pengine popote. Ganda hilo lilipaswa kuondolewa siku ile ile kabla hujalipa, ama kwa kung'arishwa kwa diski safi ya stenlesi, ama kwa dawa maalumu ya kuunguza. Dawa hiyo huwa na asidi ya haidrofloriki, ambayo hupenya ngozi na kuumiza hadi mifupa, kwa hiyo usikubali itumiwe na mtu asiye na mafunzo na mavazi ya kinga. Mwite fundi wako arudi ang'arishe maungio, na umuulize mapema kama diski na brashi zake zimewahi kugusa chuma cha kawaida. Kama zimegusa, anunue nyingine.

Kuhusu ubora wa chuma, wengi hukimbilia sumaku, lakini haitakusaidia sana. Aina ya 304, yenye takriban asilimia 18 ya kromiamu na 8 ya nikeli, haivutwi na sumaku, isipokuwa kidogo mahali ilipokunjwa. Aina ya 201 nayo ni hivyo hivyo, ingawa ni ya bei nafuu kwa sababu sehemu ya nikeli imebadilishwa kwa manganizi, na kwa kazi ya nje haistahimili kama 304. Dai cheti cha kiwanda au risiti iliyoandikwa aina. Kama vishikio ni vya 304, hewa ya Nairobi havitaiogopa. Vioshe kwa sabuni kila baada ya miezi michache, na vile vilivyo chini ya paa vioshwe mara nyingi zaidi kuliko vilivyo wazi, kwa sababu mvua haivifikii kuvisuuza.

SWALI: Ninaishi Lang'ata na ninajenga nyumba ndogo Kilifi, karibu na ufuo. Naweza kubeba vishikio vya 304 kutoka Nairobi?
*Mstaafu, Lang'ata*

JIBU: Mzee wangu, usivibebe. Upepo wa bahari hubeba chumvi hadi kilomita kadhaa nchi kavu, na 304 ikiwa karibu na ufuo hubadilika rangi upesi. Agiza 316, ambayo imeongezewa molibdenamu ya asilimia 2 hadi 3 ili kustahimili chumvi. Hata hiyo haitoshi kama uso wake ni wa kukwaruza, kwa maana chumvi hujishikiza kwenye mifereji midogo. Chagua iliyong'arishwa laini, mistari yake ikiwa wima ili maji yateremke, na isiwe na mianya ya maji kutuama. Kisha ioshwe kwa maji baridi ya kunywa, yasiyo ya kisima chenye chumvi, kila mwezi.

SWALI: Wajenzi waliosha vigae vya baraza kwa asidi, na siku ya pili geti langu la stenlesi lilikuwa na madoa. Kuna uhusiano?
*Msomaji, Kasarani*

JIBU: Upo. Asidi ya kuondolea saruji kwenye vigae kwa kawaida ni haidrokloriki, na mvuke wake pekee unatosha kuharibu stenlesi bila hata tone kuigusa. Suuza geti lote leo hii kwa maji mengi, kisha ufuate usafishaji nilioueleza hapo juu. Ukiona vishimo vidogo baada ya madoa kutoka, mwite fundi avisugue hadi vitoweke. Awamu inayofuata ya vigae ioshwe geti likiwa limefunikwa kwa nailoni, au wajenzi watumie dawa isiyo na asidi hiyo.