Maswali ya Wasomaji: Tutalala pamoja au tutatenganishwa kama bweni?

SWALI: Kaka za kazi. Mimi msomaji wako wa hapa Kirumba, Mwanza. Mwezi wa kumi na mbili mimi na mume wangu tunatimiza miaka kumi ya ndoa na hatujawahi kutoka nje ya nchi, labda yeye tu kufika Sirare kufuata mzigo na kugeuza. Ndege hataki hata kuisikia. Tumekubaliana tupande meli na treni ya usiku, tulale humohumo. Yeye anataka Mombasa kwa kuzungukia Uganda, mimi nataka Zambia kwa TAZARA. Ipi nzuri? Na je tutalala pamoja au ndo tunatenganishwa kama bweni? (Mama Wawili)

JIBU: Dada yangu hongereni kwanza, miaka kumi siyo mchezo. Na hilo swali ulilolitupia mwisho ndo swali lenyewe, maana watu wengi wanapanga nchi wanasahau kitanda.

Mimi lilinikuta. Tulikuwa tunatoka Bukoba na mke wangu kurudi Mwanza, meli moja hivi, nikajifanya mjuaji nikasema tiketi tutakata hapohapo bandarini. Tumefika jioni vyumba vimeisha, kimebaki kitanda kimoja upande wa akina mama na siti moja huku kwetu. Basi mwenzangu kaenda kulala na mama watatu wa Kihaya wenye ndoo za senene wa kukaanga, mimi nikakaa na mkungu wa ndizi wa mtu katikati ya magoti mpaka kunakucha, kila nikisinzia paji la uso linagonga ndizi. Asubuhi anashuka anatafuna, kapewa senene kwenye kikombe cha plastiki, ananiambia si ulisema hapohapo. Mpaka leo nikichelewa kitu chochote nyumbani naambiwa "hapohapo".

Kwa hiyo twende na kitanda. MV Victoria, hii iliyopo ziwani toka 1961 na ikakarabatiwa 2020 ikapewa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu, inaondoka Mwanza usiku na asubuhi mko Bukoba. Daraja la kwanza vyumba vyake ni vya watu wawili, ndo hicho mnachokitafuta, vingine vyote mtachangia na watu. Shemeji aende bandari ya kaskazini siku kadhaa kabla, siyo jioni ya safari. Zamani meli hiyohiyo ilikuwa inaenda mpaka Port Bell na Kisumu, ilikuwa enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ile ya kwanza iliyovunjika 1977, kwa hiyo mngefika Uganda bila hata kukanyaga lami, sasa hivi ndo mpaka mshuke Bukoba mtafute gari la Mutukula, mpakani.

Na nakuomba kitu kimoja, angalieni mwezi kabla ya kukata tiketi. Wavuvi wa dagaa wanatoka usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa kubwa hawaendi, sasa mkipanda siku ya giza mkatoka nje mida ya saa tano mnaona taa zao zimejipanga mbali kule majini, utadhani kuna mji, ukiusogelea unagawanyika unabaki mtumbwi mmoja mmoja na watu wamekaa kimya wanasubiri. Beba sweta, kwenye sitaha kuna baridi.

Sasa Mombasa. Shemeji ana wazo zuri ila kuna mahali hajaambiwa. Treni ya usiku ya Nairobi kwenda Mombasa, ile SGR yao, reli ya kisasa iliyofunguliwa 2017, HAINA VITANDA. Ni siti tu. Inaondoka saa nne usiku inakushusha Miritini, stesheni ya Mombasa, alfajiri bado giza, shingo imekakamaa, hoteli hamuwezi kuingia mpaka mchana, mnaanza kugombana kwenye maadhimisho ya ndoa. Mimi ningekuwa nyie ningepanda ya asubuhi, njia inakatiza Tsavo na tembo mnawaona mkiwa mmekaa, wekundu kwa lile vumbi la kule. Tiketi malipo yanapita M-Pesa ya Kenya, hii ya kwetu haikubali, kwa hiyo mkifika Nairobi sajilini laini kwa pasi au muwe na mwenyeji. Jina la tiketi liwe lile la kwenye pasi, usije ukaandikiwa jina la mume wakati pasi ina la baba. Na mfike stesheni mapema, mabegi yanapangwa chini mbwa wanapita kunusa, usicheke.

Wewe sasa na Zambia yako. TAZARA ndo treni ya kulala kweli, kilomita 1,860 toka Dar mpaka New Kapiri Mposhi, watu wa uhamiaji wanapanda humohumo kwenye behewa mpakani Tunduma, na Zambia Mtanzania haombi viza. Lakini sikiliza hapa, chumba cha daraja la kwanza kina vitanda vinne, la pili sita, na utaratibu wao wanaume mbali wanawake mbali. Mkitaka kuwa pamoja mnanunua chumba kizima, yaani nyie wawili mnalipa nafasi nne. Siyo hela ndogo ila mlango unafunga mko wenyewe. Shida ni kwamba kutoka Mwanza mpaka ufike Dar ni safari nyingine kabla ya safari, na hapo boti hakuna, na kabla hamjatoka nyumbani pigeni simu stesheni kuuliza kama wiki hiyo inatembea.

Kwa hiyo mwaka huu mpe shemeji ushindi, ila kwa masharti yako: usiku mnalala kwenye meli, treni mnapanda mchana. Bukoba, Mutukula, Masaka, Kayabwe mnashuka mnapiga picha kwenye mstari wa ikweta (mguu mmoja huku mwingine kule, kila mtu anafanya hivyo na nyie fanyeni), Kampala mlale siku mbili, basi la Nairobi, halafu ndo treni. Zambia iwe ya miaka kumi na tano. Na mwezi wa kumi na mbili Bukoba bado kuna senene, mkipata mbichi mnatoa mbawa na miguu mnakaanga kwa mafuta yao wenyewe.

Karatasi: kitambulisho cha NIDA hakivushi. Kenya, Uganda na Rwanda wao kwa wao wanapita na vitambulisho, sisi hatumo, kila mtu awe na pasi yake. Chanjo ya homa ya manjano mchomwe siku 10 kabla angalau, kadi mtaombwa, na mkisahau kwenda mtakumbushwa kurudi.

SWALI: Mimi na mchumba wangu hatujafunga ndoa, mpakani watatuomba cheti? (Kijana wa Nyegezi)

JIBU: Mimi na mke wangu hatujawahi kuombwa, kila mtu anagongewa muhuri kwenye pasi yake basi. Baba mkwe mtarajiwa ndo anaweza kukuomba, malizana naye kwanza.

SWALI: Ziwa linanichafua, nilikuwa natapika hata kwenye kivuko cha Kigongo kabla ya daraja. Nitaiweza meli ya usiku? (Bibi harusi, Ilemela)

JIBU: Pole dada. Chukueni chumba cha katikati ya meli, mbele na nyuma ndo panaponesa zaidi. Kula mapema na kidogo, ugali na sato muachie mume. Likianza kukuzunguka toka nje, usikodolee simu, tazama taa za mbali ambazo hazisogei. Na mfuko wa kutapikia uwe mfukoni kwako, siyo kwenye begi la chini ya kitanda.