Mama Mwalimu Anajibu: Nyuzi Mbili na Ndoa ya Likasi

*Jambo Mama Mwalimu. Niko mwaka wa sita, ninasoma kemia na biolojia hapa Katuba. Prof alitusomea kwamba DNA, ile kemikali ya ndani ya seli inayobeba maagizo ya urithi, ikinakiliwa, uzi mmoja unanakiliwa moja kwa moja, lakini wa pili unanakiliwa kwa vipande vya Okazaki. Niliuliza kwa nini zisinakiliwe zote sawasawa. Akasema tuandike kama ilivyo, mtihani wa taifa uko karibu. Mimi siwezi kukariri kitu nisichokielewa. Mwanafunzi, Katuba.*

Mwanangu, endelea kuuliza hivyohivyo. Nilifundisha biolojia miaka 31 Kamalondo na Kenya (mitaa ya hapa Lubumbashi, si nchi ya Kenya), na somo hili lilikuwa likinishinda kulieleza mpaka siku nilipoweka chaki chini nikashika sufu.

Shule yetu haikuwa na maabara. Nilikwenda soko la Kenya nikanunua mabunda mawili ya sufu, ile wanayofumia sweta za watoto wachanga, moja nyekundu na moja ya buluu, nikazisokota pamoja zikawa kamba ya mita sita kutoka mlangoni mpaka dirishani. Kwenye uzi mwekundu nilifunga vishale vya karatasi vinavyoelekea dirishani. Kwenye ule wa buluu, vishale vilielekea mlangoni. DNA (vitabu vyetu vya Kifaransa huiita ADN) ndivyo ilivyo: nyuzi mbili zilizosokotwa, lakini zimelala mzungu wa nne, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule.

Msichana mmoja akaanza kuisokotoa kamba kutoka mlangoni. Yeye ndiye protini iitwayo helikasi. Nyuma yake niliweka wanakili wawili, yaani polimerasi, nikawapa sheria moja tu: unatembea kufuata vishale vya uzi wako, hurudi kinyumenyume hata hatua moja. Aliyepewa uzi mwekundu alistarehe. Helikasi anakwenda dirishani, vishale vinakwenda dirishani, naye anamfuata na kunakili bila kusimama. Wa buluu akaduwaa. Vishale vyake vinamrudisha mlangoni, na kamba inafunguka upande wa dirisha. Darasa zima lilikuwa likimpigia kelele afanye nini, mpaka akagundua mwenyewe. Alikimbia hadi pale helikasi alipofika, akanakili kurudi mlangoni kipande kifupi mpaka akagota, kisha akakimbia tena mbele ambako kamba ilikuwa imefunguka zaidi, akanakili kipande kingine. Vipande hivyo ndivyo unavyoambiwa ukariri. Kwetu binadamu kila kimoja kina herufi 100 hadi 200 hivi (herufi ndizo chembe A, T, G na C zilizopangwa kwenye uzi). Kwa bakteria ni virefu zaidi, 1,000 hadi 2,000.

Polimerasi ana udhaifu mwingine: hawezi kuanza juu ya uzi mtupu. Lazima protini nyingine, primasi, atangulie kumwekea mwanzo mfupi, na kipande kikiisha, ule mwanzo unaondolewa na nafasi yake inajazwa. Halafu anakuja ligasi, anaunga kipande kwa kipande. Siku ile ligasi wangu alikuwa mvulana mdogo kuliko wote darasani, na alifunga mafundo yake kwa uangalifu ambao naukumbuka mpaka leo.

Kuna jambo ambalo prof wako pengine hakufika. Kromosomu, yaani kamba moja nzima ya DNA, iliyo ndefu kuliko zote mwilini mwetu ina herufi karibu milioni 250, na polimerasi wa binadamu huenda herufi kama 50 kwa sekunde. Piga hesabu: akianzia ncha moja mpaka nyingine, ni siku 58 hivi. Lakini seli humaliza kazi yote kwa saa kama 8, kwa sababu inaanzia mahali maelfu kwa wakati mmoja. Sasa ukianzia maelfu, utajuaje kwamba hakuna mahali palipoanzwa mara mbili? Kabla kunakili hakujaanza, kundi la protini linaloitwa ORC hukaa pale pa kuanzia na, pamoja na wasaidizi wake, huvalisha DNA pete za helikasi. Hicho ndicho kibali. Kunakili kukishaanza, wasaidizi hao huvunjwa au hukamatwa na protini nyingine, geminini, isiwezekane kuvalisha pete mpya mpaka seli iwe imegawanyika. Kila mahali panapata kibali kimoja kwa mzunguko mmoja. Mimi naona huo ndio utaratibu mzuri kuliko yote niliyowahi kufundisha.

Kuhusu jina Okazaki. Ni mume na mke, Reiji na Tsuneko Okazaki, wa Chuo Kikuu cha Nagoya huko Japani, walioonyesha vipande hivyo mwaka 1968. Reiji alikuwa mzaliwa wa Hiroshima. Bomu la atomu lilipoanguka tarehe 6 Agosti 1945 alikuwa na miaka 14, akapata mionzi yake. Alikufa kwa saratani ya damu mwaka 1975, ana miaka 44. Tsuneko aliendelea na kazi.

Sehemu kubwa ya urani ya bomu lile ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, hapo karibu na Likasi. Nilikuwa nimeliandika jina la Okazaki ubaoni miaka mingi kabla sijajua hayo. Siku niliyojua nilikaa kitini, nikashindwa kuendelea kusahihisha daftari. Ndiyo maana barua ya mwisho hapa chini, ya kijana wa Likasi, iliyofika wiki moja na ya kwako, nimeiweka kwenye ukurasa huuhuu.

*Mama Mwalimu, sokoni kuna mtu anauza poda, anasema inatengeneza DNA iliyoharibika. Ninunulie watoto? Mama wa watoto wanne, Ruashi.*

Hapana, dada yangu. Protini zinazotengeneza DNA zinaundwa ndani ya kila seli, haziingii kwa kijiko. Pesa hiyo nunua karanga nzima, na kaa chini uzichambue. Karanga au mahindi yenye ukungu yanaweza kuwa na sumu ya aflatoksini. Ikifika kwenye ini hugeuzwa, ikang'ang'ania herufi G ya DNA, na mara nyingi huharibu mahali palepale pa jeni ya p53, protini ambayo nitaieleza hapo chini. Kupika hakuiondoi. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye uchungu, itupe. Usimpe hata kuku.

*Jambo Mama Mwalimu. Nina miaka 27, ninaosha na kupakia mawe ya kobalti machimboni. Nimepata mchumba, tumeelewana. Baba yake alichimba Shinkolobwe kabla haijafungwa mwaka 2004, na yeye alizaliwa 2001. Mama yangu anakataa kupeleka mahari. Anasema mionzi imeshaingia katika damu ya ukoo ule na wajukuu wake watazaliwa na kasoro. Nimwambie nini? Kijana wa Likasi.*

Mwanangu, kwanza usimdharau mama. Anaishi jirani na shimo lile, na hofu yake haikutoka hewani. Lakini hofu hiyo ameielekeza kwa msichana, na hapo siwezi kukubaliana naye.

Mionzi ikipita mwilini hukata nyuzi za DNA. Hilo ni kweli. Ila DNA huharibika hata bila mionzi. Tomas Lindahl, aliyepata Nobeli ya kemia mwaka 2015 pamoja na Paul Modrich na Aziz Sancar kwa kazi hii ya ukarabati, alionyesha kwamba katika kila seli yetu herufi maelfu hudondoka kila siku kwa sababu tu tuna joto na maji ndani. Tungekuwa tumekwisha zamani. Tuko hai kwa sababu kuna protini zinazopita usiku na mchana kukagua, kukata kilichooza na kujaza upya kwa kusoma uzi wa pili.

Kibaya zaidi ni nyuzi zote mbili kukatika mahali pamoja, na mionzi huleta hilo. Hapo protini iitwayo Ku hujivalisha kama pete kwenye kila ncha iliyokatika. Nyingine, ATM, inapiga mbiu seli nzima, na p53 inasimamisha kunakili mpaka pakarabatiwe. Kama seli ilikuwa tayari ina nakala ya pili, protini BRCA2 humleta mwenzake RAD51, na wao husoma nakala ile nzima ili kurudisha herufi kama zilivyokuwa. Kama haina, ncha zinaungwa haraka, wakati mwingine kwa kupoteza herufi chache. Na majeraha yakizidi, p53 huamuru seli ife, isije ikazaa seli mbovu.

Kisha angalia hili. Seli za mapafu au ngozi ya mzee yule, hata zikiharibika, hazimzai mtu. Kinachofika kwa mtoto ni kilichomo katika mbegu ya baba na yai la mama tu. Huko Hiroshima na Nagasaki, wanasayansi wamefuatilia zaidi ya watoto 70,000 waliotungwa mimba baada ya mabomu, na hawakuona ongezeko la kasoro za kurithi. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti uliosoma DNA yote ya watoto 130 ambao wazazi wao walipata mionzi ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl. Mabadiliko mapya kwa watoto hao hayakuzidi ya watoto wengine. Wazazi hao walipata mionzi ambayo dunia nzima inaijua kwa ukali wake. Mtoto aliyekuwa tayari tumboni bomu lilipoanguka ni habari nyingine, hao wengine waliumia kweli. Mchumba wako hayumo katika habari hiyo isipokuwa kama mama yake mwenyewe alishuka shimoni akiwa na mimba yake. Mzee, kama anakohoa au anakonda, mpelekeni hospitali apigwe picha ya mapafu. Gesi ya radoni katika mashimo ya urani huumiza mapafu ya anayeivuta, na huyo ndiye wa kuhangaikiwa.

Sasa nikuulize wewe, kwa sababu katika barua yako hilo umelipita kwa maneno saba. Wewe unaosha kobalti.

Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti uliofanyika hapahapa Lubumbashi, uliolinganisha vichanga waliozaliwa na kasoro na vichanga wasio nazo. Jambo lililojitokeza kwa nguvu kuliko yote lilikuwa baba anayefanya kazi ya migodi. Ni utafiti mmoja, wa familia mia mbili na kitu, na haukuonyesha ni madini gani hasa. Lakini siwezi kuuficha kwa kijana anayetaka kuoa. Miaka miwili kabla yake, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walipima watu wa mtaa wa Kasulo, Kolwezi, ambako watu wanachimba kobalti chini ya nyumba zao. Watoto walikuwa na kobalti nyingi katika mkojo, pamoja na alama za DNA iliyoharibika. Tena baadhi ya protini za ukarabati hushikilia umbo lao kwa chembe ya zinki, na maabara yameonyesha kobalti ikiziingilia zishindwe kazi. Kwa maneno mengine, vumbi hilo linaharibu, na papo hapo linamfunga mikono anayetengeneza.

Mbegu ya kiume huchukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa. Mwishoni DNA yake hufungashwa kwa kubanwa sana, na protini za ukarabati hazifanyi kazi tena humo. Jeraha la siku hizo linasubiri mpaka mbegu iingie katika yai, na ni protini za yai zinazolikarabati. Umeelewa? Msichana ambaye mama yako anamkataa ndiye atakayebeba kazi ya kutengeneza ulichoharibu wewe.

Kwa hiyo fanya hivi. Nguo za machimboni zibaki machimboni, au zifungwe ndani ya mfuko na uzifue mwenyewe. Usimpe mchumba wala mama yako. Oga kabla ya kuingia nyumbani, kichwa pia. Mawe yalowe maji kabla hujayapakia. Usile bukari (ugali) kwa mikono hiyo hata kama umeipangusa, tembea na kidumu cha maji na sabuni. Mkishaoana, kama unaweza kupata kazi nyingine isiyo na vumbi walau miezi mitatu kabla ya kutafuta mtoto, ipate, hata kama ni ya malipo madogo. Najua ninachokuomba. Marehemu baba yangu alifanya kazi kwenye shaba, na sisi tulikula kwa vumbi lile.

Mama yako usimsomee barua hii, mlete. Kila Jumamosi baada ya saa nane niko nyumbani, ofisi ya gazeti itakuelekeza njia. Sufu ile bado ninayo, imo ndani ya kopo la maziwa ya unga. Rangi nyekundu imepauka kidogo lakini vishale vyote vipo. Tutaifungua kutoka mlangoni kwangu mpaka dirishani, wewe utakuwa helikasi, na mama yako nitampa uzi wa buluu.