Maswali ya Wasomaji: Nianzie Wapi Muziki wa Klasiki?

SWALI: Mhariri, kila nikijaribu kusikiliza simfonia nzima, mawazo hunipotea baada ya dakika chache. Nianze na kazi ipi, na nifuatilie nini ndani yake?

JIBU: Ndugu msomaji, simfonia, yaani kazi ndefu ya okestra yenye sehemu kadhaa, iache kwanza. Anza na konserto nne (kazi ambamo ala moja hupokezana na kundi zima) za mtunzi Mwitalia Antonio Vivaldi ziitwazo Majira Manne, zilizochapishwa Amsterdam mwaka 1725, kwa kuwa kila moja huchukua takriban dakika 10 tu na ina sehemu tatu: ya haraka, ya polepole, kisha ya haraka tena. Zilichapishwa pamoja na mashairi yanayoeleza kinachotokea, hivyo msikilizaji mgeni haachwi gizani. Katika sehemu ya pili ya konserto ya kwanza, kwa mfano, mchungaji amelala huku mbwa wake akibweka, na mbweko huo, mzito na wa kurudiarudia, hupigwa na viola, ala inayofanana na fidla lakini kubwa kidogo na yenye sauti nzito zaidi. Katika sehemu za haraka, ifuatilie fidla inayojitenga na wenzake, halafu ungojee kundi zima lirudi na wimbo uleule wa mwanzo, kama kiitikio cha taarabu.

Ukishazoea marudio hayo, sikiliza sehemu ya kwanza pekee ya Simfonia ya Tano ya mtunzi Mjerumani Beethoven, iliyopigwa hadharani mara ya kwanza Vienna mwaka 1808, uone noti nne za mwanzo zinavyozunguka kutoka ala moja hadi nyingine. Mikusanyo ya vipande vilivyokatwa ili "kutuliza akili", kwa maoni yangu, haimfundishi mtu kusikiliza.